Programu inajimyuti yenyewe ukitumia kebo pepe? Tafuta amri ilipokaa kabla hujapiga Windows upya

Jumapili moja ibada ya pili tuko live, kwaya imeshakaa, mimi nimeweka muziki wa chinichini tukimsubiri mhubiri ambaye siku hiyo alikuwa anaingia kwa simu ya video kutoka mkoa mwingine. Simu ikaunganishwa, mhubiri akasema Bwana asifiwe, papo hapo muziki ukafifia mpaka ukapotea. Naangalia kwenye pleya, wimbo unatembea. Naangalia alama ya spika pale chini kulia, haina msalaba. Huku kwenye live watu wanaandika mbona kimya, mzee wa kanisa kasimama nyuma yangu anauliza kijana vipi, nikafunga programu nikafungua, nikachomoa waya nikachomeka, wapi. Mhubiri alipomaliza na simu ikakatwa, muziki ukarudi wenyewe kama hakuna kilichotokea.

Wiki ile nzima nilikuwa nakaa na ile kompyuta kila jioni baada ya kazi mpaka nikajua ni nini. Na tangu hapo nimeshasaidia watu wengi wa media team, wenye redio za mtandaoni, walimu wanaofundisha kwa video, na karibu wote walikuwa wameshaambiwa wapige Windows upya. Usipige Windows. Programu ikinyamaza huku yenyewe inaendelea kucheza, kuna sehemu imepewa amri ya kunyamaza, na hizo sehemu ni chache na zinajulikana. Kazi yako ni kujua amri imekaa wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu kebo pepe maana hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Kebo pepe ni draiva inayoidanganya kompyuta kwamba kuna spika na maiki ambazo kiukweli hazipo. Ile ya bure inayotumika sana ni VB-CABLE, na nduguye mkubwa ambaye ni miksa kabisa anaitwa Voicemeeter (kuna ya kawaida, kuna Banana, kuna Potato), zote ni za VB-Audio, kazi ya jamaa wa Ufaransa anaitwa Vincent Burel. Ukishainstoli VB-CABLE utaona vitu vipya: upande wa spika kuna "CABLE Input" na upande wa maiki kuna "CABLE Output". Majina yanaonekana kama yamegeuzwa ila hayajageuzwa. Fikiria bomba la maji, Input ni mdomo unapomimina, Output ni kule yanakotokea. Pleya inamimina muziki kwenye CABLE Input ikidhani ni spika, programu ya mkutano (kama Zoom) au OBS (programu ya kurusha live) inakinga kwenye CABLE Output ikidhani ni maiki. Shika hapo penye neno maiki, tutarudi.

Sasa kanuni moja kabla ya kugusa setingi yoyote: fuata mistari ya kijani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, enta. Litafunguka lile dirisha la zamani la sauti lenye vichupo vinne, Playback, Recording, Sounds na Communications. Washa muziki. Angalia kichupo cha Playback, pembeni ya kila kifaa kuna kamstari kanapanda na kushuka rangi ya kijani sauti ikipita. Kama CABLE Input inacheza kijani maana yake pleya imemimina vizuri. Nenda Recording, angalia CABLE Output, je nayo inacheza? Kama Input inacheza na Output haichezi, tatizo liko ndani ya bomba. Kama zote zinacheza ila watu hawasikii, tatizo liko kwa anayekinga, yaani OBS au programu ya mkutano. Kama hata Input haichezi, tatizo liko kwa pleya au kwenye miksa ya Windows. Hii inachukua nusu dakika na inakupunguzia robo tatu ya kuhangaika, halafu ifanye WAKATI sauti imepotea, sio baada, maana ikisharudi kila kitu kitaonekana kizima na hutajua kilichokuwa kinakusumbua.

Tuanze na kilichotukuta sisi, kwa sababu ndo kinachowakuta wengi zaidi. Dalili yake ni kwamba sauti inapotea simu ikianza na inarudi simu ikiisha. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 kuna kitu kimewekwa makusudi, kompyuta ikihisi unaongea na mtu basi inashusha sauti za programu zingine ili umsikie. Kwa mtu wa kawaida anayeongea na ndugu yake ni msaada mzuri, kwa mtu anayerusha matangazo ni balaa. Kwenye lile dirisha la mmsys.cpl nenda kichupo cha mwisho, Communications, utakuta vichaguo vinne: kumyuti sauti zote zingine, kupunguza kwa asilimia 80, kupunguza kwa asilimia 50, na kutofanya chochote. Inayokuja imechaguliwa toka kiwandani ni ile ya 80. Chagua ya mwisho, "Do nothing", bonyeza OK. Kwetu sisi tatizo liliisha hapo hapo.

Mtu atauliza, kama ni asilimia 80 mbona inapotea kabisa, si ingebaki 20? Swali zuri na mimi lilinisumbua. Inabaki kidogo, ila hicho kidogo kinapita tena kwenye kebo pepe, kinafika kwenye programu ya mkutano ambayo nayo ina kichujio cha kelele, na kichujio kikiona sauti ndogo ya kinanda isiyo na mtu anayeongea kinasema hiyo ni feni, hiyo ni kelele ya barabarani, kinaifuta. Au kwenye OBS umeweka geti kwenye ile sauti, na geti linafunguka sauti ikivuka kiwango fulani tu, ikishushwa haifiki, geti linabaki limefungwa. Kwahiyo amri moja ilishusha, ya pili ikamaliza. Ndo maana ukitatua nusu unaona bado.

Angalizo mbili hapo. Ile setingi inakaa kwa kila mtumiaji wa kompyuta kivyake, kwahiyo kama kompyuta ya kanisa au ya ofisi ina akaunti mbili, ukibadilisha kwenye akaunti yako yule wa zamu nyingine akiingia kwa akaunti yake atakuta 80 yake iko palepale. Badilisha kote. La pili, Windows inatambua mawasiliano kupitia kifaa chenye alama ya simu. Angalia vizuri kwenye Playback na Recording, kuna kifaa kina tiki ya kijani na kuna kifaa kina kialama cha simu ya mezani cha kijani. Tiki ni kifaa cha kawaida cha sauti zote, simu ni kifaa cha maongezi. Watu wengi wakishainstoli kebo pepe wanakuta alama zote mbili zimehamia kwenye kebo na hawajui. Mimi nashauri uzitenganishe kwa mkono: kliki kulia kwenye kifaa, chagua "Set as Default Device" kwa unachotaka kiwe cha kawaida, na "Set as Default Communication Device" kwa kingine. Na OBS nayo kwenye setingi zake za sauti ina kisanduku cha kuzima huko kushushwa kwa sauti, kinasema "Disable Windows audio ducking", kitiki tu.

Kama tatizo halihusiani na simu, yaani programu imekaa kimya siku nzima wakati zingine zinalia, nenda kwenye miksa. Windows inakumbuka sauti ya kila programu kwa kila kifaa, na hayo maneno "kwa kila kifaa" ndo yanayowapoteza watu. Ukimyuti brauza ikiwa inacheza kwenye CABLE Input, Windows inaandika hiyo, hata ukizima kompyuta wiki mbili ukarudi bado imemyutiwa kwenye CABLE Input tu, ukiihamishia kwenye spika za kawaida inalia vizuri. Mtu anajaribu kwa spika, inalia, anasema brauza nzima tatizo ni kebo, anafuta kebo anainstoli tena, bado kimya, anakata tamaa.

Fanya hivi. Bonyeza Windows na R, andika sndvol, enta. Itafunguka miksa ya zamani, na ukiangalia juu kabisa kushoto kuna neno "Device" lenye kamshale kadogo. Hapo ndipo. Miksa hii inakuonyesha kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na inaanza na kile chenye tiki. Bonyeza kamshale, chagua CABLE Input, na sasa utaona programu zinazopita kwenye kebo, na mara nyingi utakuta moja ina kiduara chekundu chenye mstari chini yake. Nilishamkuta dada mmoja mwenye kipindi cha redio ya mtandaoni ametafuta kosa siku tatu, nikamwambia fungua kale kamshale, akanyamaza kidogo kwenye simu halafu akasema "kaka, nyekundu hiyo hapo". Bonyeza kispika, rangi inaondoka, imeisha. Kumbuka programu haionekani kwenye miksa mpaka iwe inatoa sauti au ilishawahi kutoa tangu ifunguliwe, kwahiyo washa wimbo kwanza ndo ufungue miksa.

Kwenye Windows 11 miksa mpya iko kwenye Settings, System, Sound, halafu Volume mixer. Hiyo ina faida moja, ukibonyeza programu unaweza kuiambia moja kwa moja itoe sauti kwenye kifaa gani na ichukue maiki ipi. Windows 10 nayo inayo tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, imeandikwa "App volume and device preferences". Chini yake kuna kitufe cha Reset kinachorudisha programu zote mwanzo. Mimi nakipenda pale ambapo mtu ameshagusa vitu mpaka hakumbuki alichogusa, ila ujue ukikibonyeza na zile njia ulizokuwa umezipanga za programu hii iende kebo ile iende spika nazo zinafutika, utapanga upya.

Na usisahau brauza yenyewe. Kliki kulia kwenye kichupo cha YouTube au popote unapochezea, kama umeandikiwa "Unmute site" basi ni wewe au mwenzio alimyuti tovuti nzima, na Chrome inaikumbuka hata kesho.

Haya, tuje kwenye Voicemeeter, maana hapa kuna njia nyingi za kunyamaza kuliko sehemu nyingine yoyote. Nazungumzia Banana kwa kuwa ndo ninayoitumia. Ina njia tatu za vitu vya kushikika, njia mbili pepe, halafu kulia kuna matokeo A1, A2, A3 ambayo ni spika na hedifoni halisi, na B1, B2 ambayo ni "maiki" pepe wanazozisikia OBS na programu za mikutano. Kila njia ina vitufe vya A na B, ukiwasha B1 kwenye njia ya muziki basi muziki unaenda B1, ukizima hauendi, hakuna onyo. Mara nyingi kiganja kinagusa mausi, B1 inazima, wewe bado unasikia muziki kwenye hedifoni kwa sababu A1 iko hai, watu wa nje hawasikii kitu. Wewe unasikia ndo maana hustuki.

Halafu kuna kitufe cha Solo. Ukikibonyeza kwenye njia moja, njia zingine zote zinanyamaza, na zile zilizonyamaza HAZINA alama nyekundu ya kumyutiwa kwa sababu hazijamyutiwa, zimenyamazishwa na mwenzao. Unaweza kukodolea macho njia ya muziki nusu saa, Mute haijawashwa, kishikio kiko juu, B1 iko hai, sauti hakuna. Angalia njia za majirani zake. Kama kuna Solo imewaka popote, izime.

Kingine ni A1 yenyewe. Injini ya Voicemeeter inatembea kwa mapigo ya kifaa ulichokiweka A1. Kama A1 ni kadi ya sauti ya USB na waya ukalegea, au kompyuta ikailaza ile USB kuokoa umeme, injini inasimama na programu zote zilizopita humo zinanyamaza kwa mpigo. Dalili yake ni hiyo, zote kwa mpigo, sio moja. Fungua Menu pale juu kulia, bonyeza "Restart Audio Engine", sauti inarudi. Kwenye menyu hiyohiyo kuna "Auto Restart Audio Engine" kwa ajili ya A1, itiki. Na kwenye Device Manager, kwenye zile USB Root Hub, kichupo cha Power Management, ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Umeme ukikatika je? Hii huku kwetu ni ya kila wiki. Kompyuta inazima, inawaka tena, Voicemeeter haikuwekwa ijiwashe yenyewe, ila Windows bado inaamini spika yake kuu ni Voicemeeter Input. Sasa programu zote zinamimina sauti kwenye mlango wa nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Alama ya spika nzima, volyumu mia, kimya kabisa. Fungua Voicemeeter, sauti zinatoka. Halafu kwenye Menu weka tiki ya kujiwasha kompyuta inapowaka, ile yenye maneno "Run at Startup".

Projekta nayo. Ukichomeka projekta au TV kwa HDMI, Windows inaweza kuihesabu kama spika mpya na kuhamishia tiki ya kijani kule. Programu zilizokuwa zinafuata kifaa kikuu zinahama nayo, zile ulizozipangia kebo kwa jina zinabaki. Kwahiyo unakuta nusu zinalia nusu kimya na hakuna aliyebadilisha chochote, mtu alichomeka projekta tu. Kama TV huitumii kwa sauti, nenda Playback, kliki kulia kwenye ile ya HDMI, chagua Disable. Haitakusumbua tena na picha itaendelea kuonekana kama kawaida.

Bluetooth mimi siitumii kabisa kwenye matangazo. Hedifoni ya Bluetooth ikianza kutumika kama maiki inabadilika kutoka ile sauti nzuri ya stirio kwenda ile ya simu, kwenye Windows nyingi hivyo ni vifaa viwili tofauti, muziki uliokuwa kwenye kimoja unakatika. Tumia ya waya.

Sasa rudi pale nilipokwambia shika neno maiki. CABLE Output na B1 kwa macho ya Windows ni maiki kama maiki nyingine, kwahiyo sheria zote za maiki zinazihusu hata kama kinachopita ni kinanda. Nenda Settings, Privacy & security, Microphone, teremka mpaka chini uone "Let desktop apps access your microphone". Ikiwa imezimwa, OBS inaiona kebo kwenye orodha, unaichagua bila shida, ila inachopewa ni ukimya mtupu. Niliwahi kuikuta kwenye laptopu ya mwanafunzi aliyekuwa ameifunga kwa ajili ya usalama wake, jambo zuri tu, ila hakuwaza kwamba muziki wake nao unapita kwenye mlango wa maiki. Fungua huo mlango, ila ujue programu unazoweza kuzizuia moja moja hapo ni zile za Microsoft Store.

Sheria ya pili ya maiki ni programu za mikutano kujirekebishia sauti. Zoom ina kisanduku "Automatically adjust microphone volume". Ikiwa na tiki, programu inashika kile kishikio cha sauti cha CABLE Output ndani ya Windows na kukipandisha na kukishusha, ukipiga wimbo wa nguvu inashusha, ukija wimbo laini unakuta uko chini sana. Ondoa tiki, halafu nenda Recording, kliki kulia CABLE Output, Properties, kichupo cha Levels, rudisha 100. Na kichujio cha kelele weka cha chini kabisa, au kama unapiga muziki kweli washa "Original sound for musicians" ambayo inaacha sauti ipite kama ilivyo. Discord nayo ina kitu chake inaitwa Attenuation kwenye setingi za sauti, inashusha programu zingine mtu akiongea, irudishe sifuri.

Na kuna mwangwi, hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo sehemu inayowashinda hata mafundi. Programu ya mkutano inasikiliza inachotoa kwenye spika na inachopokea kwenye maiki, ikiona sauti ileile imetoka na imerudi inaamini ni mwangwi, inaifuta. Sasa kama umeweka spika ya mkutano iwe Voicemeeter Input, na maiki ya mkutano iwe B1, na kwenye njia ya Voicemeeter Input umewasha B1, basi sauti ya mhubiri inatoka inazunguka inarudi kwenye mkutano. Programu inaanza kukata, na ikikata inakata pamoja na muziki ulioko kwenye njia hiyohiyo. Tiba ni kuzitenganisha. Muziki wako upite Voicemeeter Input, washa A1 na B1. Mkutano utoe sauti yake kwenye ile njia pepe ya pili, Voicemeeter AUX, washa A1 ili wewe usikie na B2 ili OBS ikinge, ila B1 kwenye njia hiyo IZIMWE daima. Maiki yako halisi iende B1 na B2. Muziki nao uongezee B2. Kwahiyo B1 ni kila kitu isipokuwa sauti ya mkutano, hiyo wape mkutano kama maiki, na B2 ni kila kitu pamoja na mkutano, hiyo ipe OBS. Chora kwenye karatasi kwanza, kichwani haikai. Ukishafanya hivi, huko kwenye OBS zima "Desktop Audio", usije ukaingiza sauti mara mbili.

Kuhusu OBS kuna mawili ambayo yanaonekana kama kujimyuti. Tangu OBS 28 ya mwaka 2022 unaweza kuchukua sauti ya programu moja moja bila kebo, inaitwa Application Audio Capture, nzuri sana, ila ukiiweka kwenye sini moja (scene, yaani mpangilio mmoja wa picha na sauti ndani ya OBS) basi iko kwenye sini hiyo tu, ukihamia sini ya maneno ya wimbo sauti inakatika, ukirudi inarudi. Inakili kwenye sini zote. La pili ni ile ya bonyeza-uongee, Push-to-talk, ikiwa imewashwa kwenye setingi za sauti chanzo kinakaa kimya mpaka kitufe kishikiliwe. Kama hujawahi kuitumia, hakikisha haina tiki.

Kama umepita kote huko na mstari wa kijani bado umekufa, angalia viwango vya sampuli (sample rate). Kliki kulia kila kifaa unachotumia, Properties, kichupo cha Advanced, viweke vyote 48000 Hz, CABLE Input na CABLE Output na kadi ya USB na Voicemeeter yenyewe. Hapohapo ondoa tiki kwenye "Allow applications to take exclusive control of this device", maana programu moja ikikishika kifaa peke yake wengine wote wanafungiwa nje. Mwisho kabisa washa upya huduma ya sauti: Windows na R, andika services.msc, tafuta Windows Audio, kliki kulia, Restart. Baada ya hapo Voicemeeter nayo iamshwe injini.

Wa Ubuntu za kabla ya 22.10 na Linux zingine zenye PulseAudio, kwenu amri iko kwenye faili la /etc/pulse/default.pa, kuna mstari unaosomeka load-module module-role-cork, ndo unaosimamisha muziki simu ikiingia. Weka alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari, hifadhi, toka kwenye akaunti uingie tena.

Siku kila kitu kikikaa sawa, kabla hujagusa kingine, nenda Menu ya Voicemeeter, bonyeza Save Settings, hifadhi lile faili kwenye kompyuta na nakala kwenye fleshi. Sisi letu linaitwa IBADA-SAWA. Pembeni ya kioo nimebandika karatasi yenye mistari minne, pleya inaenda wapi, mkutano unatoa wapi, mkutano unakinga wapi, OBS inakinga wapi, na kila Jumamosi jioni anayeshika zamu anapiga simu ya video kutoka kwenye simu yake mwenyewe muziki ukiwa unacheza, anasikiliza dakika mbili kwenye hedifoni ya simu, sio kwenye kompyuta. Kama muziki unaendelea akiongea na unaendelea akinyamaza, anafunga anaenda nyumbani.